Ukumbi wa Mabati wa Mtakatifu Fillan

Ijumaa moja ya mwezi wa Aprili 2015, Héritière alifika kwenye lango la kanisa la Mtakatifu Fillan, mtaa wa Bertrams, Johannesburg, amemshika binti yake kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili amekumbatia kichwa cha cherehani. Meza ya cherehani, vitambaa vya wateja, sufuria na godoro vyote vilibaki Jeppestown, katika chumba alichopanga juu ya karakana ya magari. Watu waliokuwa wakipita barabarani na marungu, wakiimba kwamba wageni warudi makwao, walikuwa wamekwisha kulivunja duka la Msomali jirani yake, na yeye hakungoja zamu yake ifike.

Alikuwa mjane wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Uvira, fundi wa nguo za kike. Binti yake, Arlène, alikuwa na miaka kumi. Kanisa lile Héritière alilijua kwa nje tu. Alijua kwamba Wakongo wenzake walisali pale Jumapili mchana, baada ya wazungu wachache wenye kanisa kumaliza ibada yao ya asubuhi. Mlinzi, Papa Octave, mtu wa Bukavu, alifungua lango nusu, akamtazama, akaitazama na barabara nyuma yake.

"Ingia, mama," alisema. "Funguo za ukumbi ziko kwa Gogo. Nimekwisha kumpigia simu."

Gogo kwa Kizulu ni bibi, na Héritière alitegemea kumwona bibi wa Kizulu. Aliyefika, akiendesha mwenyewe kigari cha zamani, alikuwa bibi wa kizungu mwembamba, mwenye fimbo na sweta lililotoboka kiwikoni. Jina lake Isobel Rankine. Alikuwa amepita miaka themanini na hakuuliza mtu karatasi wala nchi. Alifungua mlango wa jengo la mabati lililokuwa nyuma ya kanisa la mawe, akawasha taa, akafungua madirisha mawili kutoa hewa ya zamani.

"Mvua ikinyesha mtadhani mnapigwa mawe," alimwambia Héritière kwa Kiingereza. "Msiogope. Ni kelele tu. Kaeni mpaka mtakapotaka kuondoka."

Ndivyo Héritière alivyolala katika ukumbi wa mabati wa Mtakatifu Fillan, yeye na watu wengine wengi, Wakongo kwa Watanzania kwa Wamalawi, mpaka baridi ya Juni. Wengine walipanda mabasi wakarudi kwao. Wengine walirudi Jeppestown kimyakimya. Héritière alipata chumba cha kuchangia na familia nyingine hapo hapo Bertrams, na kanisa likampa kazi ya kufagia na kupiga deki. Cherehani yake ilibaki katika pembe ya ukumbi, juu ya meza aliyopewa na Gogo, na wateja wakaanza kumfuata huko.

Gogo alikuja karibu kila siku ya kazi. Zamani alikuwa mwalimu wa shule, na kwa miaka mingi ndiye aliyepiga kinanda cha kanisa mpaka vidole vikakataa. Sasa alikuwa akiandika kitabu kidogo cha historia ya kanisa na majengo yake. Alikaa kwenye kiti karibu na cherehani, akamimina chai kutoka kwenye chupa yake, na kabla ya kuandika jambo alimsimulia Héritière kwanza, kusikia kama linaeleweka.

Kwa hiyo Héritière akajua mambo ambayo hakuyatafuta. Kwamba ukumbi ule ulitangulia kanisa. Kwamba uliundwa Glasgow, ukafunguliwa vipande vipande, ukavuka bahari, kisha ukapandishwa kutoka Durban hadi hapa kwa magari ya ng'ombe, wakati Johannesburg ilikuwa mahema na mashimo ya dhahabu. Kila boriti ilikuwa na namba iliyopakwa rangi nyeusi, ili mafundi wajue ipi inaungana na ipi. Babu yake Gogo, seremala, alikuwa mmoja wao. Gogo alimwonyesha namba hizo juu darini, na Héritière, aliyekuwa akitia alama za chaki kwenye vitambaa ili mkono wa kushoto usichanganyike na wa kulia, alicheka.

"Basi ni kama gauni," alisema.

"Ni kama gauni hasa," alisema Gogo.

Kanisa la mawe lilikuja baada ya vita vya Waingereza na Makaburu. Mawe yalichongwa kutoka kwenye kilima cha jirani, lakini vigae vya paa Waskoti walivitaka vya kwao, na vikaja kwa meli. Kisha ikafuata nyumba ya mchungaji, ya matofali mekundu yenye baraza. Mwaka wa homa kubwa ya 1918 ukumbi wa mabati uligeuzwa hospitali, na wagonjwa walilazwa pale pale Héritière alipokuwa amelaza mtoto wake. Wachimbaji walifunga ndoa, walizikwa, walihama. Watoto wao walikwenda vitongoji vyenye bustani. Asubuhi za Jumapili, ambapo zamani watu walikosa pa kukaa, sasa waliketi wazee wasiojaza mabenchi mawili.

Siku moja ya mwaka wa pili, Gogo alikaa na chai yake bila kuinywa.

"Kuna sehemu naiogopa kuiandika," alisema. "Mwaka 1956 watu weusi waliokuwa wakisali nasi, wapishi, watunza bustani, yaya, waliambiwa wasiingie tena kanisani. Wasali humu ukumbini, mchana, peke yao. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Ndiye aliyelisoma tangazo. Akauliza kama kuna mwenye neno."

"Na watu walisema nini?"

"Hakuna aliyesimama. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimekaa kwenye kinanda. Yaya aliyenilea alikuwa mstari wa nyuma kabisa, na nilimwona akichukua mwavuli wake akatoka kabla hawajamaliza. Mimi nikapiga wimbo uliofuata."

Héritière aliinamia cherehani, lakini hakushona.

"Nitaiandika hivyo hivyo," Gogo alisema mwishowe. "Hakuna aliyesimama."

Mwaka 2017 wazungu na Wakongo wa Mtakatifu Fillan waliunganishwa kuwa kanisa moja, kwa kuwa wazungu peke yao hawakuweza tena kuwa kanisa. Akaletwa Pasta Théodore, mtu wa Lubumbashi, mwenye umri wa kati, mchapakazi, asiyeweza kuona kitu kimelala bila kukiamsha. Alianzisha kwaya ya pili, akarudisha kengele iliyokuwa haijapigwa kwa muda mrefu. Watu walimpenda, na Héritière alikuwa mmoja wao. Lakini ukumbi wa mabati ulimkera. Kutu ilikuwa imekula kingo za paa, sakafu ilizama upande mmoja, vijana walifanya mazoezi yao katikati ya ndoo za kukinga matone. Pasta alitaka pajengwe ukumbi wa matofali wa ghorofa moja, wenye madarasa na vyoo.

Kibali cha kubomoa jengo la zamani kama lile hakipatikani kirahisi Johannesburg. Wakili aliyekuwa akisaidia kanisa alisema kwamba ombi litapita iwapo waumini wote wako pamoja. Akisimama hata mmoja kupinga, kutakuwa na vikao na wakaguzi, na huenda wakaambiwa waukarabati badala ya kuubomoa. Mkutano wa waumini ukapangwa Julai 2018.

Wakati huo nyonga ya Gogo ilikuwa imevunjika. Alikuwa hawezi kutoka kwenye nyumba yake ndogo kule Kensington. Héritière alimpelekea supu, akambadilishia mashuka. Siku chache kabla ya mkutano, Gogo alimshika kifundo cha mkono.

"Siwezi kuja. Wenzangu waliobaki ni wazee watatu, na wanachotaka ni mahali pa kuegesha gari karibu na mlango. Simama wewe. Si lazima useme maneno mengi. Sema tu kwamba ulilala mle, na kwamba unaomba ukumbi uachwe."

"Nitasimama, Gogo," alisema Héritière, na alisema kwa moyo wake wote. Njia nzima ya kurudi aliyapanga maneno. Pale kwenye robot, zile taa za kuongozea magari za barabara kuu, gari zilimpigia honi, kwa sababu alikuwa amesimama tu katikati ya njia, taa yao ya kijani imewaka, anasema peke yake.

Jioni ile ile Pasta Théodore alimkuta akifunga mlango wa kanisa.

"Mama Arlène, bado mnakaa watu wanane katika chumba kile?"

"Saba, Pasta."

"Na binti amekuwa mkubwa sasa. Nyumba ya mchungaji ina vyumba viwili vya nyuma, vina mlango wake na bafu lake. Mimi na mke wangu hatuvitumii. Wazee wanafikiri apewe mtu anayelitunza kanisa. Nimelitaja jina lako."

Hakuutaja ukumbi wala mkutano. Huenda hata hakuwa na nia ya kuviunganisha, na Héritière baadaye alijiuliza mara nyingi kama ni yeye mwenyewe aliyefunga fundo lile. Lakini usiku huo alimtazama Arlène akivaa nguo za kulalia nyuma ya pazia, mtoto wa miaka kumi na mitatu akijificha macho ya wanaume wasio ndugu zake, na maneno aliyoyapanga yakaanza kumtoka kichwani moja moja.

Mkutano ulifanyika kanisani, Jumapili baada ya ibada. Pasta alieleza. Mchoro wa ukumbi mpya ulipitishwa mkono kwa mkono. Wakili aliuliza kwa Kiingereza, na Pasta akarudia kwa Kiswahili: "Kuna mwenye neno la kupinga?"

Papa Octave, aliyesimama mlangoni, alikohoa, akamtazama Héritière, kwa kuwa alijua alivyoagizwa. Héritière alihisi miguu yake iko tayari. Alihisi hata uzito wa mwili ukihamia mbele, kama mtu anayetaka kunyanyuka. Kisha akaitazama mikono yake. Alikuta uzi mwekundu umenasa kwenye kucha, akawa anautoa, na alipomaliza kuutoa Pasta alikuwa anasema, "Basi wanaokubali wanyooshe mikono." Mikono ikapanda pande zote. Na wa kwake ukapanda.

Siku iliyofuata alikwenda Kensington akiwa amekusudia kueleza yote. Gogo alikuwa ameketi kitandani, nywele zimechanwa, anamngoja.

"Ulisimama?"

Neno hilo moja tu, na uso ule. Héritière alikuwa amejiandaa kuulizwa mengi, aanze kueleza kidogo kidogo. Hakuwa amejiandaa kwa swali la kujibiwa ndiyo au hapana.

"Nilisimama," alisema.

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Walisemaje?"

"Walisema paa limeoza. Walisema watoto wanahitaji madarasa. Nilisema... nilisema nililala mle. Hawakusikia."

Gogo alilia. Hakulia kwa ajili ya ukumbi, hilo Héritière aliliona mara moja, na ndilo lililomkata maini. Gogo alimvuta akamlaza kichwa begani, akawa anampigapiga mgongoni kama mtoto aliyeanguka.

"Sikiliza," alisema. "Wataubomoa. Mabati ni mabati, nayo yamezeeka kama mimi. Lakini sasa nina kitu cha kuandika. Mwaka 1956 hakuna aliyesimama. Safari hii alisimama mtu mmoja. Hujui umenipa nini."

Waliubomoa mwezi wa Oktoba. Héritière na Arlène walikuwa wamekwisha hamia nyuma ya nyumba ya mchungaji, na dirisha la chumba lilitazama pale pale. Mafundi walianza na paa. Waling'oa mabati, wakateremsha boriti, namba nyeusi zikatoka juani zikiwa bado zinasomeka, na lori la chuma chakavu likabeba. Arlène alifurahia chumba. Alibandika picha ukutani, akaweka kioo chake mwenyewe. Alipoimba bafuni, Héritière alikuwa akisimama upande wa pili wa mlango na kusikia furaha na aibu zikimpanda kwa pamoja, asijue aishike ipi.

Mara mbili alijaribu kumwambia Gogo ukweli. Mara ya kwanza alikuwepo muuguzi. Mara ya pili walikuwa wao wawili, na alikwisha kusema, "Gogo, kuna jambo kuhusu ule mkutano," Gogo akainua kidole, akavaa miwani, akasema, "Subiri, na mimi nina jambo kuhusu ule mkutano," akamsomea ukurasa. Ulikuwa ukurasa wa mwisho wa kitabu. Jina lake lilikuwa mle, limeandikwa sawasawa, pamoja na vialama vyake vya Kifaransa ambavyo hakuna karani wa nchi ile aliyewahi kuhangaika navyo.

"Nimepatia?" Gogo aliuliza.

"Umepatia," alisema Héritière.

Gogo alifariki mwezi wa Juni 2019. Mpwa wake, Fiona, aliyekuja kutoka Durban kuzika, alisema kwamba kurasa za mwisho zilizorudi kutoka kwa mchapaji zilikuwa juu ya blanketi lake. Mazishini Héritière alilia kuliko ndugu, na watu wakamwachia nafasi mbele. Papa Octave alimletea kiti. Hakumwambia kitu, na tangu mkutano ule alikuwa hajamwambia kitu kuhusu jambo lile. Kumsalimia kila asubuhi langoni kulikuwa kazi kuliko kupiga deki.

Ikaja Septemba. Wiki ya kwanza maduka ya Jeppestown yaliwaka moto tena. Tangu asubuhi watu walianza kufika langoni na mabegi na watoto, kwa sababu waliokumbuka mwaka 2015 waliwaelekeza. Papa Octave alifungua lango lote. Ukumbi mpya ulikuwa bado ni msingi tu, mitaro na nondo zilizoshika kutu. Ujenzi ulikuwa umesimama tangu mwaka mpya, mjenzi amekwenda kazi nyingine.

Mwanamke mmoja wa Tanga, Mwanaharusi, muuza nguo za mitumba, alikuja na kitoto mgongoni na kanga imelowa maji yaliyorushwa na magari ya polisi.

"Dada," alimwambia Héritière, "tumeambiwa kanisa hili lina ukumbi wa watu."

"Ulikuwepo. Umebomolewa."

"Nani kaubomoa?"

"Sisi," alisema Héritière.

Waliwafungulia kanisa lenyewe, wakasogeza mabenchi, wakatandika makapeti. Wakristo waliingia. Mwanaharusi na wenzake wachache walibaki nje kwenye ukuta wa mawe, na Papa Octave alipowauliza, Mwanaharusi alisema kwa upole, "Baba, msituone tuna maringo. Mimi Mwislamu, nitalala vipi mbele ya mimbari na mtoto anakojoa?" Baridi ya miezi ile ilikuwa haijaisha. Héritière aliwachukua vyumbani mwake, wanawake na watoto, mpaka pasiwe na pa kuweka mguu, na yeye akakaa kitako kwenye kizingiti cha bafu. Mwanaharusi alimshukuru, akamshukuru tena. Kila shukrani aliipokea akiwa ameinama. Alikuwa anajua ukumbi ule ulichukua watu wangapi.

Wageni wale walikaa wiki mbili. Walipokuwa wanaanza kuondoka, Fiona alipanda tena kutoka Durban na maboksi ya kitabu. Kitabu kilikuwa kizuri, chembamba, na picha ya kanisa la mawe kwenye jalada. Ibada ya kukizindua iliwekwa Jumapili ya katikati ya mwezi, kuelekea Siku ya Urithi, sikukuu ya taifa. Zilikuja familia za Kiskoti ambazo hazikuwa zimelikanyaga kanisa lile tangu ubatizo. Pasta alimwomba Héritière asome ukurasa wa mwisho. Fiona angesoma kwa Kiingereza sentensi chache, naye angezitoa kwa Kiswahili.

"Wewe ndiye unayestahili," alisema Pasta, na sauti yake ilikuwa na kitu kidogo ambacho Héritière hakukijua, labda aibu. Yeye pia alikuwa amekisoma kitabu. Wote walikuwa wamekisoma, au walikuwa wamesomewa, na katika wiki ile hakuna aliyemwuliza lolote. Hilo ndilo lililomtisha. Kumsema yeye kungekuwa kujisema wao.

Kanisa lilijaa. Fiona alisoma polepole, mkono mmoja kifuani. Alisoma kuhusu babu seremala na boriti zenye namba, na Héritière akatafsiri. Alisoma kuhusu mwaka 1956, na Héritière akatafsiri hilo nalo, tangazo, kinanda, na yaya na mwavuli wake. Kisha Fiona akasoma: "Ukumbi ulipohukumiwa kubomolewa mwaka 2018, mwanamke mmoja, Héritière Nabintu, aliyewahi kupata hifadhi ndani yake, alisimama peke yake mbele ya kanisa zima akautetea."

Akamgeukia kwa tabasamu.

Héritière aliwatazama watu. Aliwaona wenzake wa kwaya wameinamisha macho. Alimwona Mwanaharusi, aliyekuja kuaga na kukaa nyuma kwa adabu. Akafungua mdomo akasema kwa Kiswahili:

"Ukumbi ulipohukumiwa kubomolewa mwaka 2018, Pasta aliuliza kama kuna mwenye neno la kupinga. Héritière Nabintu, aliyewahi kupata hifadhi ndani yake, alikuwa amekaa benchi la tatu. Aliombwa asimame, na akaahidi. Hakusimama. Alinyoosha mkono wa kukubali pamoja na wengine."

Fiona, asiyejua Kiswahili hata neno, alianza kupiga makofi, na familia za Kiskoti zikamfuata kwa furaha. Wakongo walikaa na mikono mapajani. Pasta Théodore alisimama mahali pake, akavua miwani, akaivaa tena. Ilipofika sala yake alisema sala fupi sana.

Baada ya ibada palikuwa na chai barazani. Héritière alimtoa Fiona pembeni akamweleza kwa Kiingereza, hatua kwa hatua, mpaka neno "nilisimama" alilomjibu Gogo kitandani. Mwanzoni Fiona alimpapasa mkono.

"Shangazi alisema wewe ni mtu wa kujishusha."

"Sijishushi. Nakwambia nilimdanganya."

Tabasamu likamtoka Fiona taratibu. Alikitazama kikombe chake.

"Alikuwa akinipigia simu akisoma ukurasa ule," alisema. "Kila wiki. Unajua alikuwa na nini moyoni kuhusu yule yaya wake?"

"Najua."

"Basi sijui unataka nikufanyie nini." Haikuwa hasira hasa. Alikuwa amechoka. "Kama ungemwambia yeye, angejua la kuandika. Mimi siwezi kuandika badala yake." Akaweka kikombe kwenye ukingo wa baraza, akaenda kuaga wageni.

Arlène alikuwa amesimama karibu na mlango wao wa nyuma, nakala ya kitabu mkononi. Alikuwa na miaka kumi na minne, mrefu kuliko mama yake. Kiswahili alikielewa chote, lakini alijibu kwa Kiingereza siku zote, kama watoto wengi waliokulia pale. Mle kanisani, mbali na Pasta na Wakongo wachache waliosoma shule za huku, ndiye aliyesikia maelezo yote mawili na kujua kwamba hayafanani.

"Ipi ni ya kweli, Mama?"

"Ya Kiswahili."

Arlène alikifunga kitabu juu ya kidole chake.

"Kwa nini hukusimama?"

Héritière angeweza kusema: kwa ajili ya chumba hiki, kwa ajili ya pazia lile na wanaume wale, kwa ajili yako. Ingekuwa kweli, na ingemtwisha mtoto.

"Niliogopa kupoteza kitu nilichokitaka," alisema. "Kisha niliogopa kusema kwamba niliogopa."

"Nimempelekea mwalimu wangu nakala." Arlène alikikumbatia kitabu. "Wa historia. Amewasomea darasa zima. Amesema ni mama yangu."

"Mwambie si kweli."

"Eish, Mama. Mwambie mwenyewe," alisema Arlène, akaingia ndani, na mlango haukupigwa, ulifungwa polepole.

Jumatatu asubuhi Héritière alimwomba Papa Octave amshikie funguo. Mzee yule aliuliza anakwenda wapi, naye akamwambia. Papa Octave akazipokea funguo, akasema, "Nenda, mama. Nitafagia mimi," na yalikuwa maneno mengi kuliko aliyompa kwa mwaka mzima.

Shuleni walimkalisha kwenye benchi la ofisi. Watoto walipita wakimwangalia, mmoja akamwonyesha mwenzake kwa kidevu. Kisha mwalimu akatoka darasani, mwanamke kijana wa Kizulu, anakuja kwa haraka na mkono ameunyoosha, na kitabu chembamba kimebanwa kwapani.

"Mama Nabintu," alisema, "nilitaka sana kukuona."

Héritière alisimama. Alianza kusema kabla mkono wake haujaachiwa.